Dinari, Askari na Marehemu: Namna ya Kuzisoma Sarafu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Roma

Kati ya mwaka 49 na mwaka 31 KK, zaidi ya watu kumi walitoa sarafu za fedha za Kirumi zenye majina yao. Wamo makonsuli, wamo magavana waliofukuzwa majimboni, yumo kijana aliyetawala bahari kutoka Sisilia, na yumo mmoja aliyerudi na jeshi la Waparthi, maadui wakubwa wa Roma. Wote walitumia sarafu ile ile, dinari, ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kama ujira wa kutwa wa vibarua wa shamba la mizabibu. Anayeanza kuzitazama sarafu hizi hupotea mapema. Pompeius huyu ni baba au mwana? Brutus huyu ni yule aliyemuua Caesar au ni babu yake wa kale? Kwa nini Caesar ameweka tembo, na adui yake naye ameweka tembo?

Mambo hunyooka ukiiuliza kila sarafu maswali mawili. Ilitengenezwa imlipe nani? Na aliyeitoa anajidai mrithi wa marehemu gani? Simulizi nyingi za vita hivi huanza na seneti, sheria na hotuba, na hayo yana nafasi yake. Lakini dinari zenyewe zinaonyesha majemadari walioshindana kuwalipa askari, kila mmoja akijifunika jina la mfu ili apate haki ya kuwaamuru walio hai.

Dinari ilianza kutolewa karibu na mwaka 211 KK, Roma ilipokuwa katika vita na Hannibal, jemadari wa Karthago. Mwanzoni ilikuwa na gramu nne na nusu hivi, kisha ikashuka hadi chini kidogo ya gramu nne, na madini yake yalikuwa fedha karibu tupu. Karakana ilikuwa kando ya hekalu la Juno Moneta, juu ya kilima cha Capitolium. Fundi aliweka kipande cha fedha juu ya muhuri wa chuma uliochongwa kinyume, akaweka muhuri wa pili juu yake, akagonga kwa nyundo. Kwa kuwa kila muhuri ulichongwa kwa mkono, hata leo wataalamu huweza kulinganisha sarafu, wakahesabu mihuri iliyotumika, na kukadiria kama toleo lilikuwa kubwa au dogo.

Kila mwaka vijana watatu wa koo kubwa walipewa usimamizi wa kazi hiyo. Kwa miongo mingi sarafu zilibeba kichwa cha Roma kama mungu wa kike mwenye kofia ya chuma, na nyuma farasi wakikimbia. Katika nusu ya pili ya karne ya pili KK vijana hao wakatambua kwamba mikononi mwao mna kitu kinachofika kila soko na kila kambi. Wakaanza kuweka mababu zao, maana kura za Roma zilitafutwa kwa jina la ukoo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Faustus Sulla, mwaka 56 KK. Nyuma ya dinari yake Bocchus, mfalme wa Mauretania, anapiga magoti akinyoosha tawi la mzeituni. Upande wa pili anapiga magoti Jugurtha, mfalme wa Numidia, mikono imefungwa mgongoni. Katikati, kwenye kiti kilichoinuliwa, ameketi Sulla, baba yake Faustus. Tukio hilo ni la mwaka 105 KK: Bocchus alimsaliti mkwewe Jugurtha na kumkabidhi kwa Sulla, ambaye wakati huo alikuwa afisa tu chini ya jemadari Marius. Sulla akaichonga picha hiyo kwenye pete yake ya muhuri, akawa anapigia muhuri barua zake kwayo, na Marius akakereka kwa sababu ushindi wa vita ulihesabiwa wa Marius mwenyewe. Chuki ya wawili hao ndiyo iliyoizaa vita ya kwanza ya Warumi dhidi ya Warumi. Picha iliyotoka kwenye pete ya baba ikaishia kwenye sarafu ya mwana, na wafalme wawili wa Afrika wakabaki humo wamepiga magoti.

Mwaka 88 KK huyo Sulla aliyageuza majeshi yake yakaingia Roma kwa silaha, jambo ambalo hakuna jemadari wa Kirumi aliyekuwa amelifanya kabla yake. Hapa kuna jambo la kisheria ambalo bila kulijua sarafu za baadaye hazieleweki. Jemadari aliyepewa amri ya kijeshi aliweza kufua sarafu akiwa vitani ili alipe jeshi lake, bila kusubiri karakana ya mjini. Sulla aliutumia mlango huo. Dinari zake za mwaka 84 na 83 KK zina kichwa cha mungu wa kike Venus, na nyuma nguzo mbili za ushindi zilizovikwa silaha za maadui, pamoja na maneno ya Kilatini kwamba Lucius Sulla ametangazwa jemadari mshindi kwa mara ya pili. Askari aliyezipokea alikuwa analipwa na Sulla, wala si na Roma, na alijua hivyo. Mtindo huo haukufa alipokufa yeye mwaka 78 KK.

Tembo wawili

Januari 49 KK Julius Caesar alivuka mto Rubicon, mpaka wa Italia, na jeshi lake, na vita vikaanza. Mpinzani wake, jemadari Pompeius, na sehemu kubwa ya maseneta wakakimbia Roma kwa haraka kiasi cha kuiacha hazina ya dola ndani ya hekalu la Saturnus. Mwakilishi wa umma aliyeitwa Metellus alisimama mlangoni kumzuia Caesar asiifungue. Caesar akamtishia kifo, akaingia. Kwa mujibu wa Plinius, mwandishi wa Kirumi, alichukua vinoo 15,000 vya dhahabu, vinoo 30,000 vya fedha na sestertii (sarafu ndogo za Kirumi) milioni 30.

Toleo la sarafu lililotoka wakati huo ni miongoni mwa makubwa ya enzi nzima ya jamhuri. Upande mmoja tembo anakanyaga kitu kinachojipinda. Wengine husema ni nyoka, wengine huona tarumbeta ya vita ya Wagalli. Chini limeandikwa neno moja, CAESAR. Upande wa pili kuna vyombo vya ibada, maana Caesar alikuwa kuhani mkuu tangu mwaka 63 KK. Hakuna Roma, hakuna cheo cha kuchaguliwa, hakuna jina la msimamizi wa karakana. Askari asiyejua kusoma aliona nguvu inayoponda kitu kibaya, na akajua ni nani aliyemwekea sarafu hiyo mkononi.

Tembo, hata hivyo, alikuwa tayari na wenyewe. Ukoo wa Metellus ulimweka kwenye sarafu zake kwa vizazi, tangu mmoja wao alipowateka tembo wa Karthago huko Panormus mwaka 250 KK. Basi Pompeius aliposhindwa na Caesar huko Pharsalus, Ugiriki, mwaka 48 KK na kuuawa alipofika Misri, waliobaki wakajikusanya katika jimbo la Afrika, yaani Tunisia ya leo na jirani zake, chini ya Metellus Scipio, ambaye Pompeius alikuwa amemwoa binti yake. Scipio naye akafua dinari yenye tembo. Sarafu nyingine aliyoitoa huko ina kichwa cha Afrika yenyewe kama mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, na nyingine ina umbo la mwanamke mwenye kichwa cha simba, roho mlinzi wa nchi hiyo. Jemadari wa Kirumi aliyekuwa anapigana ili arudi Roma akajikuta anaazima miungu ya Afrika.

Mwenye kustahili kutazamwa zaidi hapo ni Juba wa Kwanza, mfalme wa Numidia. Bila wapanda farasi wake na tembo wake Scipio asingekuwa na vita ya kupigana. Juba alifua dinari kwa uzito wa Kirumi ili zipokelewe na kila askari, ila upande mmoja akaandika kwa Kilatini REX IVBA, mfalme Juba, na upande wa pili, kuzunguka jengo la nguzo nane, akaandika cheo hicho hicho kwa herufi za Kipuniki kipya. Kichwa chake kina ndevu na nywele zilizosokotwa kwa safu, fimbo ya kifalme begani. Simulizi za Kirumi humtaja Juba kama msaidizi mwenye kiburi. Sarafu yake inaonyesha mfalme aliyezungumza na pande mbili za bahari kwa wakati mmoja, akijua thamani ya jeshi lake.

Katika mji wa Utica, huko huko Afrika, alikuwepo Cato, mpinzani mkali kuliko wote wa Caesar. Dinari yake haina tembo wala Afrika. Ina kichwa cha mwanamke na, nyuma, Ushindi kama mungu wa kike ameketi: picha ile ile aliyoitumia mtu mwingine wa ukoo wake aitwaye Cato miaka arobaini hivi kabla. Mtu aliyesimama juu ya desturi za wazee aliirudia sarafu ya wazee neno kwa neno.

Aprili 46 KK, huko Thapsus, tembo wa Juba walirudishwa nyuma na askari wa lejioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) ya tano ya Caesar, na tangu siku hiyo lejioni hiyo ikambeba tembo kwenye bendera zake. Scipio, Cato na Juba wote walikufa kwa kujiua. Faustus, yule wa pete ya baba, alitekwa akauawa huko huko Afrika. Caesar naye alikuwa na dinari yake ya kipindi hicho: Aeneas akitoka Troya inayoungua, akiwa amembeba begani baba yake mzee. Ukoo wa Julius ulidai kutoka kwa Aeneas, na Aeneas alikuwa mwana wa Venus. Wenzake walijivunia mababu walioteka tembo, yeye akawajibu kwa nasaba ya mungu.

Kichwa cha mtu aliye hai

Hadi hapo waliowekwa sura zao kwenye sarafu za karakana ya Roma walikuwa miungu na marehemu. Sura ya mtu aliye hai ilikuwa mambo ya wafalme, na Roma ilijihesabu kuwa imefukuza wafalme tangu mwaka 509 KK. Mwanzoni mwa mwaka 44 KK seneti ilimpa Caesar heshima hiyo. Shingo yake ni nyembamba yenye mikunjo, mashavu yamebonyea, na amevaa shada lililoshuka hadi usoni (Suetonius, mwandishi wa maisha yake, anasema alilipenda kwa sababu lilimfichia upara). Maneno yanabadilika kadiri wiki zinavyopita: dikteta kwa mara ya nne, kisha jemadari, kisha dikteta wa daima. Tarehe 15 Machi akauawa ndani ya kikao cha seneti.

Brutus, mmoja wa wauaji, alikuwa ameonyesha njia yake miaka kumi kabla. Mwaka 54 KK, akiwa msimamizi wa karakana, alitoa dinari yenye kichwa cha Uhuru kama mungu wa kike, na nyuma yule Brutus wa kale, mfukuza wafalme, akitembea kati ya matarishi wake. Nyingine ilikuwa na vichwa viwili: Brutus huyo, na Servilius Ahala, babu wa upande wa mama anayesifiwa kwa kumuua mtu aliyetaka kuwa mtawala wa mabavu. Wakati huo aliyekuwa anavumishwa kutaka udikteta alikuwa Pompeius, ambaye ndiye aliyekuwa ameagiza kuuawa kwa baba yake Brutus mwaka 77 KK. Hata hivyo vita vilipoanza Brutus alikwenda upande wa Pompeius. Aliwatii wafu wa zamani kuliko marehemu baba yake mzazi, na mimi naamini sarafu zile alizichukulia kwa uzito kuliko walivyodhani waliozitumia sokoni.

Baada ya mauaji, Brutus na muuaji mwenzake Cassius walikwenda mashariki kutafuta jeshi na pesa. Hapa neno uhuru linahitaji kuangaliwa kutoka upande wa waliolipia. Brutus aliuzingira mji wa Xanthus huko Lycia, na wenyeji wengi wakajiangamiza wenyewe kwa moto. Cassius aliichukua Rhodes, akabeba pesa za mji na mali za mahekalu, na mwanahistoria wa baadaye, Cassius Dio, anasema aliwaachia gari la mungu Jua tu. Dinari yake moja ina kichwa cha Uhuru mbele, na nyuma kaa ameshika pambo la tezi ya meli, chini yake waridi, alama ya Rhodes. Madini ya sarafu yenye neno Uhuru yalitoka kwa watu walionyang'anywa.

Mwaka 42 KK Brutus akatoa dinari ambayo Cassius Dio aliona inafaa kuielezea zaidi ya miaka 200 baadaye. Nyuma kuna kofia anayovalishwa mtumwa akiachwa huru, majambia mawili kando yake, na maneno EID MAR, yaani tarehe 15 Machi. Mbele ni kichwa cha Brutus mwenyewe. Cassius hakuwahi kuiweka sura yake kwenye sarafu. Brutus, aliyeua kwa jina la kuzuia mfalme, alifanya lile ambalo Caesar alilifanya miezi michache tu kabla ya kufa. Sioni unafiki hapo. Naona jinsi askari walivyokwisha kuzoea kwamba mlipaji lazima awe na uso, na jemadari asiye na uso angepoteza jeshi. Oktoba mwaka huo, wakishindwa vitani Philippi, kaskazini mwa Ugiriki, Brutus na Cassius wote wawili walijiua.

Wana wa marehemu

Upande wa pili, upande wa Caesar, walisimama majemadari Antonius na Lepidus na kijana Octavianus, mjukuu wa dada yake Caesar. Caesar alimuasili katika wasia wake, na kijana akajua cha kufanya na urithi huo. Kabla hajafikisha miezi miwili baada ya kutimiza miaka 19 alikuwa tayari amezunguka makazi ya askari wastaafu wa Caesar huko Campania, akimpa kila mmoja dinari 500. Mshahara wa askari wakati huo ulikuwa karibu dinari 225 kwa mwaka. Antonius alimwandikia maneno ambayo seneta Cicero ameyahifadhi: wewe mtoto, kila ulicho nacho unadaiwa na jina lako. Yalikuwa matusi, lakini pia ni maelezo sahihi kabisa ya siasa ya miaka ile. Mwaka 42 KK Caesar akatangazwa mungu, na sarafu za Octavianus zikaanza kumwita mwana wa aliye mungu. Katika nyingi ana ndevu za msiba.

Kwa hiyo unapomkuta Pompeius kwenye dinari ya miaka hiyo, ni marehemu, na mwenye sarafu ni Sextus, mwanawe mdogo. Yeye alishika Sisilia na meli zilizozuia nafaka isifike Roma. Alijiongezea jina Pius, mwana anayewatii wazazi. Nyuma ya sarafu yake ndugu wawili wa Catania wamewabeba wazazi wao mabegani wakiwaokoa na moto wa mlima Etna, Neptunus, mungu wa bahari, amesimama katikati. Hilo ni jibu kwa Aeneas wa Caesar, tena limechukuliwa kutoka kisiwa hicho hicho anachokitawala. Sextus alishindwa na Agrippa, jemadari wa Octavianus, huko Naulochus mwaka 36 KK.

Quintus Labienus nitamtaja kwa ufupi, maana vita vyake havikudumu. Brutus na Cassius walimtuma kuomba msaada kwa Waparthi, Philippi ikamkuta huko, na mwaka 40 KK akarudi na jeshi lao. Sarafu yake inamwita Parthicus, cheo ambacho Mrumi angepewa kwa kuwashinda Waparthi, na nyuma kuna farasi wao aliyetandikwa tayari kwa vita.

Alibaki Antonius kushindana na Octavianus. Alitoa dinari yenye kichwa chake upande mmoja na Cleopatra, malkia wa Misri, upande wa pili, akiitwa malkia wa wafalme. Lakini sarafu iliyomlipia vita vya mwisho haina uso wa mtu. Mwaka 32 na 31 KK, huko Ugiriki, alifua mamilioni ya dinari zenye meli ya vita mbele, na nyuma tai wa jeshi kati ya bendera mbili, pamoja na namba ya lejioni. Kila lejioni ilipata yake. Askari alishika mkononi mshahara wenye namba ya kikosi chake mwenyewe.

Fedha yake ilikuwa pungufu. Plinius anasema Antonius alichanganya chuma, lakini vipimo vinaonyesha shaba. Upungufu huo ndio uliozipa maisha marefu. Ukiwa na noti mbili mfukoni, moja mpya na moja imechakaa, kondakta utampa iliyochakaa. Warumi nao waliweka akiba dinari nzuri na kuzitumia za Antonius. Mtawala Nero alipopunguza fedha ya dinari mwaka 64 BK, dinari nzuri za kale zikazidi kufaa kuyeyushwa, na mtawala wa baadaye, Trajanus, akazikusanya nyingi. Za Antonius hazikuwa na faida kubwa kuyeyusha, zikaendelea kupita mikononi, zikalainika mpaka meli ikabaki kivuli, na bado zinapatikana katika akiba zilizofukiwa karne ya tatu. Katika miaka ya 160 BK watawala Marcus Aurelius na Lucius Verus walitoa upya muundo huo kwa heshima ya lejioni ya sita. Antonius, aliyeshindwa na Octavianus katika vita vya baharini vya Actium tarehe 2 Septemba 31 KK, aliishi muda mrefu kwenye soko kuliko waliomshinda.

Mshindi, Octavianus, mwaka 28 KK alitoa dinari yenye mamba na maneno AEGVPTO CAPTA, Misri imetekwa. Vita vilikuwa vimetangazwa rasmi dhidi ya Cleopatra peke yake, na sarafu inashikilia msimamo huo: haina Antonius, haina lejioni za Kirumi zilizouana, ina mnyama wa mto Nile. Mwaka uliofuata akaitwa Augustus, na tangu hapo sarafu za fedha zikabeba uso wa mtawala mmoja au wa watu wa nyumba yake.

Anayetaka kumiliki moja ya sarafu hizi leo ataanza kwa urahisi na zile za lejioni za Antonius, kwa sababu zilikuwa nyingi na nyingi zimechakaa. Ya majambia ni jambo jingine. Ilighushiwa tangu enzi hizo, shaba ikifunikwa fedha, na inaghushiwa hadi sasa. Moja ya dhahabu iliuzwa mnadani London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4, kisha mwaka 2023 mamlaka za New York zikairudisha Ugiriki baada ya kubainika kwamba hati za asili yake zilikuwa za uongo. Muuzaji akikuonyesha dinari, mtake karatasi zinazoonyesha ilitoka kwa nani kabla yake.